Haki ya Mzee Anayesahau

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Lushoto



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya ardhi, mirathi, rushwa na kura. Leo tunaleta jambo ambalo huenda likaonekana kuwa ni la daktari peke yake, yaani habari za mzee anayepotewa na kumbukumbu. Tumelileta katika Haki na Amani kwa sababu moja tu: mzee wa namna hii, kabla hajaonwa na daktari, mara nyingi amekwisha kuhukumiwa. Wapo wanaomhukumu kuwa ni mchawi, wapo wanaomhukumu kuwa amelaaniwa, na wapo wanaosema anajifanya. Hata wale wanaomhurumia husema, "Ni uzee tu," kisha wakamwacha. Sisi tunasema kwamba huyu ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki zake.

1. Tunasema juu ya nani?

Kila mtu husahau. Kijana husahau alipoweka jembe, na mama wa miaka arobaini huingia chumbani akasahau alichofuata. Huo si ugonjwa. Uzee nao hupunguza mwendo wa akili: jina la mtu huchelewa kuja, na hesabu ya mauzo ya kabichi huchukua muda. Lakini mzee mwenye afya akipewa nafasi, jina hulikumbuka baadaye na hesabu huimaliza.

Ugonjwa ni jambo jingine. Hapo mzee hasahau tu mahali alipoweka ufunguo, bali husahau ufunguo ni wa kazi gani. Huuliza swali moja mara kumi katika asubuhi moja, na kwake yeye kila mara ni mara ya kwanza. Hupotea katika njia aliyoipita miaka sitini. Huinjika sufuria tupu motoni. Humwita binti yake kwa jina la dada aliyefariki zamani. Wengine hugeuka tabia: mpole akawa mkali, mkarimu akawashuku watoto wake kuwa wanamwibia, mwenye haya akatoka nje bila nguo.

Kuna jambo moja linalowapotosha wengi. Mzee huyu huyu asiyekumbuka kama amekunywa uji leo aweza kuwasimulia bila kukosea jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha watu wa Mlalo na kwingineko Usambara kuchimba matuta katika miaka ya 1940 na 1950, na jinsi wananchi walivyoyakataa. Hapo watu husema, "Anatufanyia makusudi. Mbona ya zamani anayakumbuka?" Hafanyi makusudi. Mara nyingi ugonjwa huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayopokea na kuhifadhi mambo mapya. Yale ya ujana, yaliyokwisha kukaa mahali pake, hudumu zaidi.

Madaktari huiita hali hii demensia. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la hali inayoletwa na magonjwa kadhaa ya ubongo. Unaoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer. Mwingine ulioenea hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, nao ni jamaa ya kiharusi. Mara nyingi magonjwa haya mawili humpata mtu mmoja kwa pamoja.

2. Utafiti unasemaje?

Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mama mmoja aitwaye Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51, aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu na kuwashuku watu wa nyumbani kwake. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta umesinyaa na una mabaki ya ajabu ndani na nje ya chembe zake. Tuzingatie umri ule: miaka 51. Kama uzee peke yake ndio ungekuwa sababu, asingeugua yeye; na wazee wengi wa miaka 90 wenye akili timamu, ambao tunawajua humu vijijini, wangekuwa wameugua. Uzee huongeza hatari ya kuupata ugonjwa huu, lakini uzee wenyewe si ugonjwa huu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu wanajidanganya.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali. Jirani zetu wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wanaishi maisha yanayofanana na yetu: ni wakulima wa mlimani, wana migomba na ng'ombe wa zizini, na watoto wao wengi wamehamia mijini. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima huko watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, katika vijiji 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, ilionekana kwamba asilimia 6.4 ya wazee hao walikuwa na demensia.

Tuiweke hesabu hiyo katika lugha ya jumuiya. Ikiwa hali yetu inafanana na ya Hai, basi parokia yenye wazee 300 wa umri huo ina wagonjwa kama 19. Kila kiongozi aliyeketi hapa ajiulize anawajua wangapi kati yao. Na kama hawajui, wako wapi?

Watafiti hao walikutana na tatizo lingine lenye mafunzo kwetu. Vipimo vya kumbukumbu vilivyotungwa Ulaya na Marekani humwambia mzee aandike sentensi au achore umbo kwa kalamu. Bibi ambaye hakupelekwa shule hata siku moja atashindwa kipimo hicho ingawa akili yake ni nzima kabisa. Huo ni udhalimu wa kuuita ujinga wa kusoma kuwa ni ugonjwa. Kwa hiyo wakatengeneza kipimo kifupi kinachoweza kutumiwa na mhudumu wa afya asiye daktari, wakakitangaza mwaka 2014. Humwomba mzee ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, akumbuke maneno aliyosomewa, ataje siku ya leo, na apange njiti nne za kiberiti kwa kufuata mfano. Hakuna kalamu wala karatasi mbele ya mzee.

Aidha, watafiti walipozungumza na wagonjwa, ndugu zao, waganga wa jadi na viongozi wa dini huko Hai, wengi walieleza kwamba hali hii ni uzee wa kawaida, na wengine wakataja laana na uchawi. Maelezo yote mawili yana madhara. Anayesema "ni uzee" humnyima mzee matibabu. Anayesema "ni uchawi" aweza kumnyima uhai.

3. Mgonjwa si mchawi

Tuangalie jinsi shutuma inavyozaliwa. Ugonjwa huu huvuruga usingizi, ukageuza usiku kuwa mchana. Mzee huamka saa nane za usiku, akafungua mlango, akaenda kutafuta nyumba ya wazazi wake iliyokwisha kuanguka zamani. Alfajiri hukutwa uani kwa jirani, amevaa kanga moja au hana nguo, anasema maneno yasiyounganika, wala hawezi kueleza amefikaje pale. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia tangu utoto. Wiki ile ile mtoto wa jirani anaugua. Ndugu zangu, hapo hakuna uchawi wowote. Kila dalili iliyotajwa ina maelezo yake hospitalini. Lakini kwa mtu mwenye hofu, kila moja kati ya dalili hizo ni ushahidi.

Nchi yetu inajua mwisho wa njia hiyo. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Kati yao 2,286 walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Hatusemi kwamba wote hao walikuwa na ugonjwa wa kumbukumbu. Tunasema kwamba mzee mwenye ugonjwa huu hubeba dalili zile zile zinazowafanya watu wamnyoshee kidole, na yeye hana hata uwezo wa kujitetea.

Wala tusijifariji kwamba hayo ni ya Usukuma. Je, humu milimani hatujasikia mzee akiitwa mwanga? Hatujaona mtoto akikatazwa kupokea ndizi mkononi mwa bibi yake? Panga ni hatua ya mwisho. Hatua ya kwanza ni neno lililosemwa kisimani au kwenye kilabu cha pombe, na neno hilo viongozi wa jumuiya wanaweza kulizima lingali changa.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inahesabu kuwa ni kosa pia kumtangaza mwenzako kuwa ni mchawi. Kwa hiyo kiongozi anayesikia shutuma za namna hii asizichukulie kuwa ni porojo. Amwendee mwenyekiti wa kitongoji na ofisa ustawi wa jamii mapema, na amwendee msemaji mwenyewe kwa upole na ukweli.

4. Dole gumba la mzee

Udhalimu wa pili hufanyika kimya, tena na watu wenye tabasamu. Wilaya yetu ina watu wengi na ardhi chache. Kishamba cha bondeni kinachopata maji na kulimwa kabichi, karoti na nyanya mwaka mzima ni mali ya thamani kubwa. Mwenye kishamba hicho mara nyingi ni mzee.

Anakuja mnunuzi, pengine ameletwa na mmoja wa watoto. Mzee anasalimiwa kwa heshima, anapewa sukari na vitenge, anaambiwa aweke dole gumba hapa. Anaweka. Baada ya siku mbili hakumbuki kwamba kulikuwa na mgeni. Baada ya mwezi anashika jembe aende shambani kwake, anafukuzwa, na watu wanasema, "Uliuza mwenyewe, na mashahidi tupo."

Ndugu zangu, dole gumba si ridhaa. Sheria yetu ya Mikataba, katika vifungu vya 11 na 12, inataka anayefanya mapatano awe na akili timamu, yaani awe na uwezo wa kuelewa anachokubali na kupima kama kina faida au hasara kwake. Mzee asiyeelewa kwamba anauza hajauza. Ikiwa kuna mali ambayo ni lazima isimamiwe kwa niaba ya mgonjwa, mahakama ndiyo yenye uwezo wa kumteua msimamizi. Si mtoto mmoja kwa kujiteua usiku.

Hapa tuwe waangalifu tusije tukatengeneza udhalimu mwingine. Wapo watoto wanaomtangaza baba yao kuwa amepotewa na akili kwa sababu tu amekataa kuwagawia shamba. Mzee kusahau majina si sababu ya kumnyang'anya usemi. Wengi walio katika hatua za mwanzo za ugonjwa bado wanajua vizuri wanataka nini, nani amewatunza, na shamba liende kwa nani. Kwa hiyo tunawashauri wazee wote, wenye afya na wanaoanza kusahau, waandike wosia mapema, mbele ya mashahidi wanaoaminika, wakati bado wanaelewa. Shamba lililoandikiwa wosia kwa wakati wake halina haja ya kugombaniwa msibani.

5. Yule anayemtunza

Nyuma ya kila mzee mgonjwa kuna mtu mmoja asiyelala. Kwa kawaida ni mwanamke: mke mwenye umri kama wake, binti aliyerudi nyumbani, au mkwe. Wakati mwingine ni mjukuu wa miaka kumi na miwili aliyeachwa na wazazi walioko Dar es Salaam au Tanga. Mtu huyo humwosha mzee, humlisha, humfuata njiani, hujibu swali moja mara mia, na usiku huamka kila mlango unapolia. Hawezi kwenda gulioni, hawezi kulima, na mara nyingi hawezi hata kufika kanisani. Kisha Jumapili tunauliza mbona siku hizi haonekani jumuiyani.

Katika hali hiyo wengine humfunga mzee kwa kamba, au humfungia ndani kutwa. Hatuwezi kulihalalisha jambo hilo, kwa kuwa mzee si mbuzi, na moto ukizuka atateketea. Lakini hatuwezi pia kumlaumu aliyefanya hivyo kabla ya kuuliza ni nani aliyewahi kumpokea zamu hata saa mbili. Kamba ile imefungwa na mkono mmoja, lakini imesokotwa na jumuiya nzima iliyokaa mbali.

Amri ya nne tumeifundishwa utotoni, tukadhani inawahusu watoto watiifu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura yake ya 3, kinakwenda mbele zaidi: kinamtaja mzazi ambaye akili yake imepungua, na kumtaka mwana amvumilie wala asimdharau kwa sababu yeye mwenyewe bado ana nguvu. Kumbe hali hii ilijulikana hata zamani zile, na jibu lililotolewa lilikuwa ni subira na heshima.

6. Yanayotibika na yanayozuilika

Hatutawadanganya. Ugonjwa wa Alzheimer hauna dawa ya kuuponya. Zipo dawa zinazopunguza dalili kwa kiasi, na tangu mwaka 2023 Marekani imeidhinisha dawa mpya ya sindano iitwayo lecanemab, ambayo hupunguza kidogo kasi ya ugonjwa ulio katika hatua za mwanzo. Nayo ni ghali, na humlazimu mgonjwa kupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Kwa hiyo yeyote anayekuja sokoni na chupa ya kurudisha kumbukumbu, awe amevaa kanzu, suti au koti jeupe, anatafuta fedha zenu.

Lakini si kila anayechanganyikiwa ana ugonjwa usioponyeka. Upungufu wa vitamini, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona inayomjia mtu baada ya kufiwa, damu iliyovuja ndani ya kichwa baada ya kuanguka, hata mchanganyiko wa dawa nyingi, vyote vyaweza kufanana na demensia, na vingi vyatibika. Na mshike jambo hili kwa nguvu: mzee aliyekuwa mzima juzi, leo hajui alipo na anaweweseka, huyo ana dharura. Yaweza kuwa ni malaria, homa ya mapafu, maambukizo ya njia ya mkojo au kiharusi. Apelekwe hospitali siku ile ile. Demensia huingia polepole kwa miezi na miaka; haiji kwa usiku mmoja.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa kimataifa chini ya jarida la Lancet lilieleza kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiliwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Mambo hayo ni elimu duni utotoni, kupungukiwa kusikia, kupungukiwa kuona, shinikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya katika damu, unene uliozidi, kutofanya mazoezi, tumbaku, pombe nyingi, kuumia kichwa, sonona, hewa chafu na upweke.

Tazameni jinsi orodha hiyo inavyoingia nyumbani kwetu. Binti anayeachishwa shule leo anaongezewa hatari ya miaka sitini ijayo. Kijana wa bodaboda anayeteremka kona za Soni bila kofia ngumu anahatarisha si uhai tu, bali na akili ya uzeeni. Pombe ya miwa na gongo zinajulikana. Mzee mwenye mtoto wa jicho aweza kufanyiwa upasuaji akaona tena. Na kule Hai, katika wazee waliopimwa, zaidi ya 6 kati ya kila 10 walikuwa na shinikizo kubwa la damu, na waliokuwa wamelidhibiti kwa dawa walikuwa wachache mno. Kipimo cha shinikizo ni cha dakika chache, na dawa zake zinapatikana. Kupanda milima kwa miguu, ambako sisi hatuhesabu kuwa ni mazoezi, ni zawadi tuliyopewa na nchi yetu. Tatizo letu kubwa ni lile la mwisho katika orodha, upweke.

Juu ya upweke, utafiti mwingine wa Hai, uliochapishwa mwaka 2017, unatutia moyo. Wagonjwa 34 walikusanywa katika vikundi vidogo, mikutano 14 kwa wiki 7. Walizungumza, waliimba, walicheza michezo, walishika vitu vya kazi za zamani na kusimulia habari zake. Baada ya hapo fahamu zao zilionekana kuwa bora zaidi, na wasiwasi ukapungua. Hapakuwa na mashine wala sindano. Je, kitu hicho si ndicho ambacho Jumuiya Ndogo Ndogo imeundwa kukifanya?

Na milima hii ina historia yake katika jambo hili. Huko Lutindi, mwaka 1896, wamisionari wa Kiinjili kutoka Ujerumani walianzisha makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo ndugu zetu Walutheri wanaiendesha hadi leo, na wagonjwa hushiriki kazi za shamba na za mikono. Yaani mahali palipowapokea watu waliofanywa bidhaa pakawapokea watu waliokimbiwa na jamaa zao. Urithi huo ni wetu sote, wa madhehebu yote, pamoja na ndugu zetu Waislamu ambao wazee wao wanaugua kama wazee wetu.

7. Yatupasayo kutenda

Kwanza, kila jumuiya iwe na orodha ya wazee wake, na iwatembelee wote, si wale tu wanaoweza kuja kusali.

Pili, mzee anayeonyesha dalili apelekwe zahanati, na kutoka huko hospitali, akapimwe shinikizo, sukari, damu, macho na masikio. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Viongozi wamsindikize kudai kitambulisho chake, kwa kuwa haki isiyodaiwa hulala kabatini. Wenzetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na kuendelea pensheni ya Sh 20,000 kwa mwezi. Tuendelee kuiomba serikali huduma kama hiyo huku Bara.

Tatu, akina mama wa WAWATA na vijana wa VIWAWA wapange zamu ya kukaa na mgonjwa, walau nusu siku kwa wiki, ili mtunzaji apumzike, aende sokoni, au aje kusali.

Nne, tufundishane namna ya kuishi na mgonjwa. Tusibishane naye. Akimwuliza mama yake aliyekwisha kufa, tumwombe atusimulie habari za mama huyo. Tumpe kazi ndogo anayoiweza, kama kupukuchua mahindi au kuchambua maharage. Ratiba ya siku isibadilike-badilike. Mlango uwekewe kengele badala ya kufuli, na majirani wote waambiwe: mkimwona njiani, mwamkieni, mshikeni mkono, mrudisheni. Tumwimbie nyimbo za zamani, maana wengi waliokwisha kusahau majina ya watoto wao bado huweza kuimba na kusali Rozari pamoja nasi.

Tano, hakuna kiongozi wa Kanisa atakayetia sahihi kuwa shahidi wa mauzo ya shamba la mzee bila kuzungumza naye kwanza, mbali na mnunuzi na mbali na watoto, na kuridhika kwamba anaelewa.

Sita, neno "mchawi" lisikike kamwe kinywani mwa Mkristo dhidi ya mzee, na likisikika, lisipite bila kujibiwa.

Wapendwa, wazee wetu walitukumbuka sisi tulipokuwa hatujijui. Tulipokuwa hatuwezi kusema majina yetu, wao ndio walioyashika. Ikiwa leo mmoja wao amesahau jina lake mwenyewe, basi ni zamu yetu kulishika. Mungu awabariki.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni wazee wangapi ambao hatujawaona kwa miezi mitatu? Nani atakwenda kwao wiki hii?

2. Ni maneno gani tunayotumia tunapomtaja mzee anayesahau? Yanamlinda au yanamhatarisha?

3. Ni nani kati yetu anayemtunza mgonjwa peke yake? Tutampokea zamu siku gani, na saa ngapi?

4. Je, kuna shamba la mzee lililouzwa au linalotaka kuuzwa bila yeye kuelewa? Tumwendee nani kwa pamoja?